Mgambo si ngazi ya ajira

SAFU YA ALHAMISI
Na Hadija Mtenga

Kila wilaya inapotangaza mafunzo ya Jeshi la Akiba, yaani mgambo, karatasi hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji wa kata, na vijana wanaoisoma huulizana jambo moja: "Ukimaliza, kazi ipo?" Nawaelewa, maana ajira imekuwa adimu na nyumbani wanatazamwa wao. Lakini swali hilo ndilo linalowaponza. Kijana anayekwenda mgambo kutafuta ajira atarudi amevunjika moyo. Anayekwenda akijua kwamba anajitolea kulinda pale anapoishi, bila mshahara, anafanya jambo la heshima, na nchi yetu bado haijampa heshima hiyo.

Inafaa kukumbuka mgambo ulikotoka. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere akalazimika kuwaita Waingereza waje kuwazima. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Viongozi wa wakati ule walitoka na fundisho kwamba ni hatari ulinzi wa nchi kuachiwa watu wachache walio kambini. Kisha Januari 1971 Idi Amin akampindua Milton Obote kule Uganda. Mwezi uliofuata chama tawala, TANU, kikatoa Mwongozo, kikasisitiza kwamba wananchi wenyewe wafunzwe kulinda nchi yao. Mafunzo ya mgambo yakaenea vijijini, viwandani na maofisini.

Mtihani ulifika mwaka 1978. Majeshi ya Amin yalipovamia Kagera, JWTZ iliongezewa nguvu kwa haraka na makumi ya maelfu ya wanamgambo kutoka mikoani. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa mkulima wa mtama na ufuta huko Kondoa, na kwata alijifunza jioni kwenye kiwanja cha shule, akiwa ametoka shambani na vumbi bado miguuni. Kampala ilianguka Aprili 1979, naye muda wake ulipokwisha alirudi nyumbani akashika jembe lake. Watoto tulimuuliza kwa nini alikubali kwenda. Alitujibu, "Wanangu, wangekuja mpaka hapa." Hakutuambia habari za posho wala cheo, na sikuwahi kumsikia akidai kwamba aliahidiwa chochote.

Mafunzo ya leo kwa kawaida huchukua karibu miezi minne. Kabla jua halijachomoza vijana wako kwenye mchakamchaka, kisha kwata, wengi wao wakiwa na bunduki za mti walizochonga wenyewe. Siku zinavyokwenda wanajifunza usomaji wa ramani, ujanja wa porini, huduma ya kwanza na matumizi ya silaha ndogo, hadi ifike siku ya kulenga shabaha kwa risasi za kweli. Wakufunzi huwa chini ya mshauri wa mgambo wa wilaya, na watu wa Polisi, Uhamiaji, TAKUKURU na Zimamoto hupita kufundisha masomo yao. Kwa aliyeishia darasa la saba, elimu hii si haba. Anatoka akijua kuzuia damu ya mtu aliyegongwa na pikipiki, kumdhibiti mwizi bila kumuua, na kumwambia mwenyekiti wa mtaa ni wapi mtuhumiwa anatakiwa kupelekwa. Mitaa yetu, inayokimbilia matairi na petroli kila mtu anapopiga yowe la mwizi, inawahitaji sana watu wa namna hiyo.

Lakini elimu hii ina gharama, na gharama yenyewe haiandikwi kwenye tangazo. Mchukue kijana mwenye bodaboda ya mkataba. Kila siku lazima apeleke hesabu kwa mwenye pikipiki, tuseme shilingi 8,000. Saa yake yenye abiria ni asubuhi, wanafunzi na wafanyabiashara wa soko wanapotoka majumbani, na asubuhi hiyohiyo ndiyo anatakiwa uwanjani. Akihudhuria siku 5 kwa wiki kwa wiki 16, ni siku 80. Hesabu za siku hizo ni shilingi 640,000, nazo mwenye pikipiki hatazisamehe kwa sababu ya uzalendo. Bado kombati na buti, ambavyo mara nyingi mwanafunzi hujinunulia. Mkulima naye, mafunzo yakiangukia msimu wa palizi, ajue kwamba jembe lake litashikwa na mama au mke. Ndiyo maana katika mahafali karibu yote unasikia kwamba waliomaliza ni wachache kuliko walioanza. Taarifa husema "utoro", lakini ukiwafuata hao watoro nyumbani kwao utakuta wengi walishindwa kuishi miezi minne bila kipato.

Katika mahafali hayohayo huja risala. Wahitimu humwomba mgeni rasmi awakumbuke kwenye ajira, naye hujibu kwamba serikali inawathamini na kwamba fursa zikitokea watapewa kipaumbele. Vijana wanapiga makofi, halafu wanasubiri. Tuambizane ukweli. Cheti cha mgambo kinaweza kukufungulia mlango wa kampuni ya ulinzi, ukalinde ghala au nyumba ya mtu usiku kucha kwa mshahara mdogo. Ni kazi halali, wala siidharau. Ila matangazo ya ajira ya vyombo vya ulinzi mara nyingi yamekuwa yakidai mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na JKT ni njia nyingine kabisa. Kuna wanaojitolea kwa mkataba wa miaka miwili, na kuna wanaokwenda kwa mujibu wa sheria wakimaliza kidato cha sita, utaratibu uliositishwa mwaka 1994 ukarudishwa mwaka 2013. Mwenye nia ya kuwa mwanajeshi aiulizie njia hiyo mapema, asije akagundua siku ya usaili kwamba cheti alichobeba sicho kilichotakiwa.

Lipo jambo jingine ambalo kijana anapaswa kulipima kabla ya kujiandikisha, nalo kwangu lina uzito kuliko fedha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 1975, mwanamgambo akiwa kazini ana uwezo wa kukamata na kupekua unaokaribia ule wa askari polisi. Baadhi ya wahitimu huishia kuchukuliwa kuwa mgambo wa jiji au wa manispaa, na hapo wote tumeshuhudia yanayotokea. Mama ameinama anapanga mafungu ya nyanya pembeni ya barabara. Gari linasimama ghafla, vijana wanaruka, sinia linapigwa teke, nyanya zinasambaa lamini na mtaji wa siku nzima unakanyagwa. Aliyepiga teke ni kijana wa uswahilini kama yeye, na huenda mama yake mzazi anauza vitumbua mtaa wa pili. Kumwondoa mfanyabiashara mahali pasiporuhusiwa kunaweza kuwa amri halali. Kumwaga mali yake na kumpiga si sehemu ya amri hiyo, na hakuna mkufunzi aliyemfundisha hivyo. Mafunzo hukufundisha kutii. Utu uende nao kutoka nyumbani, kwa sababu ukivaa sare huku huna, sare haitakupa.

Kwa hiyo nani ajiunge? Kama una kazi au shamba linaloweza kukuvumilia miezi minne, kama watu wa nyumbani mmekaa mkakubaliana, na kama ungekwenda hata ungeambiwa leo kwamba hutaajiriwa kamwe, nenda. Wewe binti pia, nenda. Mtaa wenye wanawake waliofunzwa una mahali ambapo msichana aliyeshambuliwa anaweza kukimbilia. Kabla ya kutia saini, mfuate mshauri wa mgambo umuulize ana kwa ana: mafunzo yanaanza saa ngapi na kwisha saa ngapi, sare ananunua nani, nikivunjika mguu uwanjani ananitibu nani, na baada ya mahafali nitaitwa kwa kazi zipi. Kuuliza si utovu wa nidhamu, na atakayekujibu vizuri utamtii kwa moyo. Lakini kama unakwenda kwa sababu mjumbe amekutia hofu, au kwa sababu umenong'onezewa kwamba majina ya wahitimu yanapelekwa moja kwa moja jeshini, baki kwanza. Hakuna aibu kusubiri msimu mwingine.

Kwa wakuu wa wilaya na halmashauri nina ombi, na nalitoa kwa dhati. Andikeni kwenye tangazo lenyewe kwamba mafunzo haya ni ya kujitolea na hayaahidi ajira. Yapangeni baada ya mavuno, vijana wa mashambani wapate nafasi. Tengeni fungu la kombati, buti na matibabu ya anayeumia, kwa sababu haiingii akilini kwamba mtu anayejitoa kulinda wilaya ajichangie pia kifaa cha kuilindia. Na wageni rasmi waache kutamka neno ajira jukwaani ikiwa hawana nafasi hata moja mkononi. Mtakapofanya hivyo watakaojitokeza huenda wakapungua, lakini wengi wao watamaliza, na siku ya mafuriko, ya moto au ya uvamizi hamtahitaji kuwabembeleza waje.