Kifafa cha mimba si mapepo

Mama mmoja kutoka upande wa Nanganga aliletwa wodini kwetu akiwa hajitambui. Mimba ya kwanza, miezi minane. Kwa siku tatu alilalamika kichwa kinauma na macho yanaona ukungu, nyumbani wakamwambia apumzike. Usiku alipoanza kutetemeka mwili mzima, wazee walisema ni mapepo, akapelekwa kwanza kwa mganga. Yeye tulimwokoa. Mtoto alikuwa ameshafariki tumboni.

Wazee siwalaumu, kifafa kile kinatisha. Kilichoniuma ni kadi yake ya kliniki: mahudhurio manne, presha imeandikwa mara moja, mkojo haukupimwa hata siku moja. Mama anatembea kutoka kijijini, anakaa kwenye benchi tangu asubuhi, halafu anarudi bila kufungwa mashine ya presha mkononi!

Presha ya mimba huanza baada ya wiki ya 20, kipimo kikifika 140/90 au kuzidi. Wengi hawasikii chochote, ndiyo maana lazima ipimwe kila hudhurio. Ikipanda, damu inayopita kwenye kondo la nyuma hupungua. Mtoto anadumaa tumboni, au inabidi azaliwe njiti. Wakati mwingine kondo hubanduka kabla ya uchungu. Mama naye anaweza kupata kiharusi, figo kushindwa kufanya kazi, au kifafa chenyewe.

Tiba ipo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33, ulionyesha sindano ya magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Lakini sindano haimfuati mtu kwa mganga.

Kwa hiyo mama, usiondoke kliniki kabla presha na mkojo havijapimwa na kuandikwa. Kudai si utovu wa adabu. Kichwa kikiuma sana, macho yakififia, uso ukivimba au chembe ya moyo ikiuma, usingoje kukuche. Baba, hela ya korosho ikiingia, tenga ya gari la kwenda Ndanda au Mkomaindo. Na msilegee akishajifungua, kifafa huweza kuja hata siku kadhaa baadaye.

Mama yule amerudi, ana mimba ya wiki 12. Tumemwanzishia aspirini ya dozi ndogo, ambayo aliyewahi kupata tatizo hili hupewa kabla ya wiki ya 16. Kabla hajakaa, alininyooshea mkono nimpime.