TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE: MTIHANI WA MAFUNDI FRIJI UVUKE BAHARI, SI FUNDI

*Tawi la Ras Kisimani, Mafia*



Maneno yamekuwa mengi vijiweni kuhusu mafundi wa friji na viyoyozi: nani aruhusiwe kufanya kazi, nani azuiwe, cheti ni lazima au si lazima. Kamati ya Tawi imekaa na huu ndio msimamo wetu. Soma mpaka mwisho, kisha msomee na jirani asiye na simu.

*Tunataka cheti kiwe lazima. Na tunataka fundi apimwe hapahapa Mafia, kwa kazi ya mikono yake, kabla mtu yeyote hajamfungia mlango.*

Kwanza tuwajibu wanaosema cheti ni karatasi tu, fundi ni mikono. Ndugu zetu, gesi zimebadilika. Tanzania iliingia kwenye Itifaki ya Montreal mwaka 1993. Kwa nchi zinazoendelea, gesi ya R-22 inayotumika kwenye viyoyozi vingi vya zamani imekuwa ikipunguzwa kwa hatua tangu 2013, na mwaka 2030 inakomeshwa, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Friji nyingi mpya zinakuja na R-600a, nyingine R-290. Hizi ni jamii moja na gesi ya kupikia: zinawaka. Fundi aliyezoea kukata bomba na kuchomelea bila kutoa gesi kwanza anaweza kuunguza chumba na yeye mwenyewe akiwa ndani.

Gesi bandia nazo zipo. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka Vietnam na Brazil, wafanyakazi wakafa, na chanzo kikahusishwa na gesi bandia iliyojazwa kwenye mitambo. Waliokufa ni mafundi, si waliouza mitungi.

Fundi umeme tunamtaka awe na leseni ya EWURA, wala hatulalamiki, kwa sababu tunajua nyumba huungua. Kwa nini wa friji awe tofauti? Friza ndiyo benki ya mvuvi. Pweza na kamba wakiharibika usiku mmoja, ada ya shule imekwenda. Na jokofu la chanjo linatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Likitengenezwa ovyo, mama anaweza kuondoka zahanati akiamini mwanawe amechanjwa, kumbe dawa ilishakufa.

Sasa tuwajibu wa upande wa pili, wanaosema asiye na cheti afungiwe kuanzia kesho. Hawa ndio tunaogombana nao zaidi, maana wanazungumza kama watu wasiojua Mafia ni kisiwa. Kijana wetu amejifunza kwa kaka yake, ana miaka kumi kwenye kazi, anajua kompresa kwa kuisikiliza. Unamwambia aende bara akasome. Apande gari mpaka Kilindoni, avuke mpaka Nyamisati, apange chumba, alipe ada, na huku nyumbani wanaomtegemea wale nini? Hatakwenda. Atakayekwenda ni mwenye baba wa kumlipia. Kisha hoteli na taasisi zitaleta fundi kutoka Dar es Salaam kwa bei ya Dar es Salaam, na wetu atabaki kufanya kazi za kujificha, bila vifaa, akiachia gesi hewani. Kwa njia hiyo usalama haupatikani. Kinachopatikana ni mkate wa mmoja kuhamishiwa kwa mwingine, na sheria kutumika kama kisu.

Njia ipo, tena si ya kubuni. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi: aliyejifunzia kazini anapimwa, akifaulu anapewa cheti, akipungukiwa anaelekezwa pa kujaza. Fundi mmoja kuvuka ni gharama ya familia. Mpimaji mmoja kuvuka ni gharama ya ofisi, tena anakuja kuwapima wote kwa pamoja.

Wala cheti kisigeuzwe kuwa ushuru wa kila mwaka. Marekani tangu mwaka 1994 fundi hashiki gesi bila cheti, lakini akishafaulu cheti hicho hakiishi muda. Anayelipishwa kila mwaka bila kufundishwa kitu kipya anakamuliwa tu.

*Kwa hiyo Kamati imeazimia:*

1. Kumwandikia Mheshimiwa Diwani alifikishe Baraza la Madiwani ombi hili: Halmashauri iiandikie VETA ilete wapimaji Mafia.

2. Kudai mafundi wapewe muda wa kupimwa kabla ya zuio lolote kuwagusa.

3. Kuwahimiza mafundi vijana waunde kikundi na kuomba mkopo wa asilimia 10 wa Halmashauri, ambamo asilimia 4 ni ya vijana. Mashine ya kunyonya gesi na pampu ya kutoa hewa kwenye mabomba, mmoja hazimudu, kikundi kinaweza.

Wajibu wa kila mwanachama: fundi akija kwako, muulize friji inatumia gesi gani. Jibu limeandikwa kwenye kibandiko cha friji au cha kompresa. Usimruhusu aiachie hewani. Kilo moja ya R-410A ya kiyoyozi inaipasha dunia joto kuliko kilo 2,000 za hewa ya ukaa, na sisi tunaoishi karibu na mji wa kale wa Kisimani ulioliwa na bahari hatuhitaji semina kujua bahari inaweza kufanya nini.

Mafundi wote wa eneo letu, mwenye kadi ya chama na asiye nayo, wajiandikishe kwa Katibu wa Tawi. Mpimaji akifika, orodha iwe tayari.

Soma, sambaza.

*Imetolewa na Kamati ya Tawi, Ras Kisimani*