Chai ya iliki huliwaza, haitibu homa

Kisii na Nyamira ni nchi ya chai; viwanda vya Kiamokama na Kebirigo ni ushahidi. Naona ni haki mwanafunzi wetu ajue kuchuma majani na pia kuyapika vyema kwa iliki, kiungo chenye asili ya milima ya kusini mwa India.

Upishi wake ni mwepesi. Iliki nne hupondwa, zikachemshwa katika vikombe viwili vya maji kwa dakika tano. Kisha hutiwa majani, maziwa na sukari kidogo. Harufu yake huburudisha, na uvuguvugu wake hutuliza koo lililokaukwa.

Hata hivyo, liwazo si tiba. Malaria imewahi kuzuka vibaya katika nyanda hizi za juu, na hakuna chai iuayo vimelea vyake. Nachelea kwamba mzazi amwonapo mtoto ametulia baada ya kunywa, huahirisha safari ya zahanati. Mwenye homa apimwe damu kwanza. Chai ataikuta nyumbani. Walimu, yafundisheni mambo haya mawili kwa pamoja.