Babu Zetu wa Kariakoo Waliandikwa

Wasomaji, mmesikia hoja za wanaotuambia tusihangaike kumtafuta babu aliyechukuliwa upagazi katika Vita vya Kwanza vya Dunia na asirudi. Zipimeni nyinyi wenyewe.

Wanadai kwanza kwamba wapagazi walikuwa wengi mno na hawakujua kusoma, hivyo hawakuandikwa. Walikuwa wengi kweli: upande wa Waingereza pekee, waliokufa hukadiriwa kuwa yapata 95,000. Lakini mtu huandikwa hata kama hajui kusoma. Kikosi cha Wapagazi cha Waingereza (Carrier Corps, ndiyo "Kariakoo" yetu), chini ya Oscar Watkins, kiliwapa watu namba na kuwaingiza kwenye daftari. Vita vilipokwisha, maofisa walibishana juu ya mishahara ya marehemu ambayo haikuchukuliwa. Utakokotoaje deni la mtu usiyemwandika? Daftari nyingi zimepotea, nakubali. Ila kilichopotea kilikuwapo, na kilikuwa na mtunzaji.

Wanadai pia kwamba Mwafrika hakuwa na desturi ya kuweka alama kaburini. Gavana Guggisberg wa Gold Coast alitoa hoja inayofanana na hiyo mwaka 1923, alipokataa mawe ya kaburi kwa askari wa huko. Lakini makaburi ya nguzo ya Kunduchi, Dar es Salaam, yalisimama kabla yeye hajazaliwa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola ya makaburi ya vita ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Wanadai tena eti sanamu za ukumbusho zatosha. Ya Dar es Salaam ni ya askari mwenye bunduki. Ya Nairobi inaye mpagazi, lakini jina lake halipo. Ilhali huko Taveta na Voi, Wazungu wana makaburi yenye majina.

Mwisho wanasema majina yaliandikwa ovyo, kwa hiyo utafiti ni bure. Basi yaliandikwa! Hoja hii inaiua ile ya kwanza. Tena mtafiti makini haanzi na jina. Huanza na wilaya, chifu aliyewatoa vijana, na rika la tohara, ambalo jina lake mara nyingi hubeba tukio la mwaka wake. Kwa familia ya Kenya, majalada ya wilaya yako Nairobi, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Shajara za vita za jeshi la Uingereza ziko katika hifadhi ya nyaraka ya Kew, Uingereza. Humo atafute pia habari za hospitali, kwani kuhara damu na malaria viliwaua wapagazi wengi kuliko risasi.