Kabla ya Kukata Utepe, Tuambie Kuhusu Majina

Vijana wenzangu wa Bukoba na Muleba, pamoja na ninyi mliohamia Dar mkabaki kuagiza senene kwa basi, naomba tuzungumze bila kuoneana haya. Siku hizi kila msimu anazuka mtu na tovuti mpya. Leo ni jukwaa la vijana, kesho soko la kahawa na ndizi, keshokutwa kijiwe cha waandishi. Utepe unakatwa, mgeni rasmi anasifia "fursa", fulana zinagawiwa, picha zinapigwa ziwa likiwa nyuma. Mwanzilishi anatueleza jinsi tovuti ilivyo nyepesi, inavyofunguka hata kwenye simu ya bei poa, na jinsi atakavyotuunganisha. Tunapiga makofi. Hakuna anayeinua mkono kuuliza.

Mimi nauliza. Siku wakubwa wakija kutaka majina ya waliosema, wewe mwenye tovuti utafanya nini?

Hilo ndilo swali la kwanza. Rangi, nembo na idadi ya wanachama ni mambo ya baadaye. Mtu anayekusanya watu mahali pamoja akawaambia "semeni" amebeba amana. Kama hajui ataitunzaje, hajaanzisha jumuiya. Ametega mtego, hata kama mwenyewe hana habari.

Wapo watakaosema naleta uoga wa bure. Haya, tusome historia, na siyo ya mbali. Mwaka 2006 Watanzania wawili, Maxence Melo na Mike Mushi, walianzisha jukwaa la mtandaoni lililoitwa Jambo Forums, ambalo tangu 2008 tunalijua kama JamiiForums. Watu waliingia kwa majina ya kubuni na kumwaga hadharani mambo ya rushwa yaliyokuwa yananong'onwa tu. Februari 2008 polisi wakawakamata wote wawili. Desemba 13, 2016 Melo akakamatwa tena, na siku tatu baadaye akapandishwa kizimbani Kisutu. Kilichokuwa kinatafutwa ni taarifa za wanachama walioandika. Hakuzitoa. Akashitakiwa kwa kuzuia upelelezi, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na juu yake likawekwa shitaka la kuendesha tovuti isiyosajiliwa kwa .tz.

Kesi zikawa tatu, na zikachukua karibu miaka minne. Katika moja aliachiwa huru, Juni 2018. Katika nyingine, Aprili 2020, alitiwa hatiani: faini ya shilingi milioni 3 au jela mwaka mmoja. Ya tatu iliisha Novemba 2020, akatiwa hatiani na kuachiwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa mwaka mzima. Katikati ya hayo, mwaka 2019, CPJ, ile kamati ya kulinda waandishi wa habari yenye makao New York, ikampa tuzo yake ya kimataifa.

Unaweza kumpenda Melo au usimpende, hilo ni lako. Jukwaa lake lina mambo mazuri na lina takataka pia. Lakini aliulizwa swali ninalouliza mimi, tena aliulizwa na watu wenye pingu, na jibu lake tunalijua. Sasa niambieni ukweli: katika wote waliotukatia utepe hapa kwetu, ni nani ambaye jibu lake tunalijua?

Kuna jambo jingine ambalo waanzilishi wetu hawalioni kwa sababu wanaiga Dar. Dar ni bahari. Mtu akizama humwoni. Bukoba mjini ukipiga chafya Hamugembe, wa Kashai anakuuliza unaendeleaje. Muleba ndiyo usiseme. Nesi wa zahanati ya kijijini akiandika kwamba dawa zimekwisha, hata asipotaja jina amekwisha kujitaja, maana nesi ni mmoja. Mwalimu wa hesabu wa shule fulani ni mmoja. Mvuvi wa Goziba au Ikuza akisema nani anapokea chochote ili nyavu haramu zipite, kisiwa kizima kinajua ni nani alikuwa mwaloni siku hiyo. Kwa hiyo kwetu sisi kumficha mtu ni zaidi ya kufuta jina lake. Inabidi mhariri akae na lile andiko, aondoe kijiji, aondoe siku, aondoe lile neno ambalo mtu mmoja tu hulitumia. Hiyo ni kazi ya uandishi, jamani. Haifanywi na programu.

Na polisi siyo hatari peke yake. Nitawapa langu. Niliwahi kupeleka shairi kwenye tovuti moja ya hapa kwetu, siitaji, kwa jina la kalamu. Shairi lilihusu butura, ule mchezo wa kumnunulia mkulima kahawa ingali maua, kwa bei ya kumfukarisha, kwa sababu mtoto anatakiwa ada au mama yuko wodini. Siku nne hazikupita, mnunuzi mmoja akawa anajua mshairi ni mtoto wa nani. Hakuna askari aliyekuja wala barua iliyoandikwa. Mwenye tovuti alikuwa ameropoka tu kwenye meza ya rubisi, kwa raha zake, kuonyesha kwamba yeye anawajua watu. Msimu ule kahawa ya baba yangu ikaonekana ghafla haijakauka.

Mtaniambia: bwana wee, wakificha majina watu watatukana, watazusha, watavunja ndoa za wenzao. Kweli, wapo, na wanaudhi. Lakini jina la kalamu humficha mwandishi, halihalalishi uongo. Mwenye kijiwe ana kazi ya kusoma, kuuliza "umeyaonaje haya?", na kufuta matusi kabla hayajalala. Akishindwa kazi hiyo afunge duka. Asitugeuzie kibao kwamba dawa ya uzushi ni kila mtu kuandika namba ya simu ya baba yake.

Tena uzushi haustawi mahali panapozungumzwa. Unastawi penye kimya, na sisi wa Kagera tunalijua hilo kuliko mikoa mingi. Machi 2023 watu walipokufa Bukoba Vijijini kwa ugonjwa ambao kwanza haukuwa na jina, ndipo Machi 21 tukaambiwa ni Marburg, katikati hapo mlisikia wangapi wakisema ni uchawi? Januari 2025 ikawa zamu ya Biharamulo. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani likatangaza linashuku Marburg. Wizara ikajibu kwamba vipimo havikuonyesha kitu. Tarehe 20 Rais akathibitisha kuwa ipo. Siku zile sita mama wa Muleba mwenye mtoto anayechemka alikuwa amwamini nani? Alihitaji mahali ambapo muuguzi angeweza kumwambia, bila kuogopa kupoteza kazi, namna ya kumhudumia mgonjwa asijiambukize.

Au tukumbuke tetemeko la Septemba 10, 2016. Nyumba zililala chini, watu wakafa, michango ikaja. Haukupita mwezi viongozi wawili wa mkoani kwetu wakatumbuliwa kwa habari ya akaunti ya pili ya michango iliyofanana jina na ile halali. Akaunti hiyo lazima kuna mtu mdogo aliyeiona mapema, karani, dereva, mhudumu wa chai. Mtu huyo angesemea wapi? Na Desemba ya mwaka huo huo, mwenye jukwaa kubwa kuliko yote nchini alikuwa mahabusu kwa ajili ya majina. Karani akisikia hayo anajifunza nini? Anajifunza kunywa chai yake.

Sheria nazo zimetubana, sikatai. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja ya mwaka. Jumla milioni mbili na laki moja kabla hujaandika "habari za asubuhi". Ukikaidi, faini isiyopungua milioni 5, au jela isiyopungua mwaka, au vyote. Kijana wa Kamachumu akiuza kahawa ya familia nzima bado hafiki. Juni ile ile JamiiForums yenyewe ikalazimika kujifunga kwa muda. Mwaka 2022 kanuni zililegezwa, na tushukuru kwa kidogo. Lakini Septemba 2025 leseni ya jukwaa hilo hilo ikasimamishwa siku 90. Leseni, ndugu zangu, ni kamba. Inaweza kurefushwa ukadhani umefunguliwa.

Ada ya namna hiyo haichuji waongo. Inachuja maskini. Anayebaki ni mwenye mfadhili, na mfadhili ana marafiki, na marafiki hawapendi kuandikwa. Ndiyo maana tovuti nyingi zinazinduliwa zikiwa tayari zimefungwa mdomo: ukurasa wa mbele mgeni rasmi, wa pili mgeni rasmi anapanda mti.

Lakini tusijifiche nyuma ya sheria. Kuna mambo ambayo mwanzilishi anaweza kuyafanya leo bila kumwomba mtu ruhusa. Namtaka afanye matatu.

La kwanza, asikusanye asichokihitaji. Shairi halihitaji namba ya kitambulisho. Hadithi haihitaji kujua nimeingilia kwenye simu gani, nikiwa Nshamba au Rubya. Anayeweka kila kitu "kwa ajili ya baadaye" anamwekea mtu mwingine. Usichokuwa nacho hata ukibanwa vipi huwezi kukitoa.

La pili, aandike kwa Kiswahili cha kueleweka, ukurasa wa kwanza, siyo chini kabisa kwa herufi za sisimizi: tunatunza hiki na hiki, kwa muda huu, wanaoweza kukiona ni hawa. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Mwanzilishi asiyeijua hajawa tayari kuwa na wanachama. Aseme pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao inampa mkuu wa kituo cha polisi nguvu ya kudai taarifa, na aseme yeye atamwita wakili gani siku hiyo. Akisema atatoa, ni sawa, amesema ukweli. Nasi tutajua pale ni mahali pa kuwekea mapishi.

La tatu, afunge mdomo wake mwenyewe. Hili halihitaji fedha wala fundi wa kompyuta.

Waandishi wenzangu, tumewahi kuwa na busara hii. Washairi waliopeleka tungo zao Mambo Leo tangu miaka ya 1920 mara nyingi walitia majina ya kalamu. Mwaka 1937 Erica Fiah, Muganda mwenye duka Dar es Salaam, alianzisha gazeti lake, Kwetu, chini ya serikali ya kikoloni, bila mgeni rasmi wala fulana. Hata mpiga nanga wa kwetu hakujenga ukumbi kwanza. Watu walikuwepo, wakamwamini, akaimba ya watawala mbele yao. Kwanza imani, chombo baadaye. Sisi tumegeuza: tunanunua chombo, tunatafuta watu wa kukijaza, halafu tunashangaa kijiwe kimedoda.

Kwa hiyo nasema wazi. Akija mtu na tovuti mpya akakuomba shairi lako, hadithi yako, au ile barua ya shangazi yako kuhusu mizani ya mnada, usimuulize ina wasomaji wangapi. Muulize la majina. Akicheka, ondoka na karatasi zako. Akianza longolongo za "tutaliangalia", ondoka pia. Akinyamaza kidogo, akafikiri, akakuambia atafanya nini na ataogopa nini, huyo kaa naye. Msaidie kuandika, msaidie kuhariri, mchangie hata ya vocha. Wa namna hiyo Kagera nzima tukipata wawili, mmoja Bukoba na mmoja Muleba, tutakuwa na pa kusemea. Hao wengine waendelee na utepe wao.