Ndege wa 300 alivyonipotezea mjomba

Mimi niko poa kiasi, ila jicho la kushoto ndiyo kwanza linaanza kufunguka, na sababu yake mtaijua mbele ya safari. Wiki iliyopita hamkuniona hapa na nasikia wapo walioanza kunizushia, wengine eti nimeoa kimya kimya, wengine eti nimechacha mpaka nauli ya kuja ofisini imenishinda. Hakuna lolote. Nilikuwa Tabora, porini, nimelala kifudifudi kwenye majani makavu namsubiri ndege mwenye ukubwa wa kidole gumba.

Mnaoifuata kona hii tangu Januari mnaijua ishu yenyewe. Mimi na mshikaji wangu mmoja wa Kinondoni (jina lake kapuni, ana mke mkali) tumewekeana dau: nani atafikisha aina 300 za ndege kabla ya Saba Saba. Siyo kuona tu. Kuona hata mlevi anaona, tena anaona wawili wawili. Sheria yetu ni picha. Huna picha, huna ndege. Na picha iwe ya mwaka huu, siyo umechomoa kwenye albamu ya zamani. Atakayeshindwa anawalisha mishikaki watu wa kijiwe kizima, na watu wa kijiwe chetu wanakula kama wametoka lupango jana.

Kabla hujacheka, jua kwamba Tanzania hii hii ina aina zaidi ya 1,100 za ndege. Duniani huko kuna watu wameshachizika zaidi yetu. Mmarekani mmoja, Noah Strycker, mwaka 2015 alizunguka dunia akaona aina 6,042 ndani ya mwaka mmoja. Akadhani kamaliza. Mwaka uliofuata Mholanzi Arjan Dwarshuis akampita, akafika zaidi ya 6,800. Hao walikuwa wanafuata ndege kwa ndege. Mimi nafuata ndege kwa daladala, na lenzi yangu ni ya mtumba kutoka Kariakoo.

Katikati ya Juni nilikuwa na 296. Habari za chini ya kapeti zikaniambia mshikaji ana 297. Nikaona hapa bila kurudi kwetu Unyamwezini nitaumbuka.

Nikapanda treni ya umeme mpaka Dodoma, haijafika hata saa nne nimeshashuka, halafu nikaunga na basi la Manyoni, Itigi, Tabora. Pale Manyoni, kondakta akiwa anagombana na mama mmoja kuhusu gunia la vitunguu, likatua kundi la cherero juu ya paa. Wale wenye kichwa cheusi na kola ya njano, ambao asili yao ni hapa hapa nchini kwetu. Nikatoa kamera dirishani, kachaa, kachaa, 297. Dada aliyekaa nyuma yangu akaniuliza, "Kaka, hao wanauzwa shilingi ngapi?" Sikumlaumu. Miaka ya 1980 cherero hawa na ndugu zao wa Fischer walikuwa wananaswa kwa maelfu, wanapakiwa kwenye vizimba kwenda kuimba kwenye sebule za watu Ulaya. Serikali ilikuja kupiga marufuku usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi mwaka 2016, lakini swali la shilingi ngapi bado linatembea.

Kiti cha basi kilikuwa kimeniumiza mgongo, ila nikikumbuka babu zetu nanyamaza. Njia hii kutoka pwani kupita Tabora hadi Ujiji ndiyo ile ya misafara, na Wanyamwezi waliipiga kwa mguu, pembe ya ndovu begani. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba. Zaidi ya miezi minne! Livingstone naye mwaka 1872 alikaa pale Kwihara miezi kadhaa akisubiri wapagazi tu. Bila wapagazi mzungu alikuwa haendi kokote.

Na ndege nao walisombwa kwa njia hiyo hiyo. Alikuwepo Mjerumani mmoja, Richard Böhm, kati ya mwaka 1880 na 1884 akizunguka huku kwetu, Kakoma na Igonda, akikusanya ndege na kuwapeleka Berlin wakiwa wamejazwa pamba. Alifia Katanga mwaka 1884, hajafikisha hata miaka 30. Leo kuna keremkerem wa Böhm, kuna teleka wa Böhm, mpaka pundamilia wa Böhm yupo. Nani aliyabeba yale masanduku? Kwenye orodha yangu yote sijakutana na ndege mwenye jina la mpagazi.

Basi. Tabora mjini nilikaa siku mbili, na zote nilizimalizia kwenye nyasi za njia ya Sikonge, namtafuta ndege ambaye Waingereza wamempa jina la mji wetu. Sistikola wa Tabora. Ukisikia hilo jina unategemea ndege bomba, ana kilemba na mkia wa dhahabu. Wapi! Kadege ka rangi ya udongo, kichwa chekundu chekundu kama kutu, kamkia kembamba kamerefuka kama kijiti cha kiberiti. Hakatulii. Mara juu ya jani, mara hakapo. Watoto wa shule walionikuta pale wakaanza kuniita "mzee wa nyasi". Siku ya pili asubuhi kakajisahau sekunde tatu. Nikamaliza. 298.

Nikaenda kwa mjomba.

Mjomba wangu anaishi upande wa Ipole, ni mrina asali tangu ujana. Miaka imeshapita sabini. Nilipofika nikamwamkia, "Shikamoo mjomba," na kwa kujipendekeza nikaongeza "Mwangaluka." Akaitikia, akanyoosha mkono. Mkono ukapita pembeni ya mkono wangu. Ndipo nilipogundua. Macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho, meupe kama maji ya mchele. Shangazi, mkewe, akaniambia jikoni kwamba hospitali wameshasema ni kazi ya kusafisha tu, mjomba ndiye hataki. Anasema kisu na jicho havijawahi kuwa marafiki.

"Na porini bado anaenda?"

"Kila wiki. Anasema masikio yake hayajaumwa."

Kesho yake asubuhi, mbele ya nyumba yake, nilimpata ndege mwingine wa Böhm, yule mdaka nzi mwenye madoa kifuani kama kamwagiwa wino. 299! Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Mjomba akauliza kuna nini, nikamweleza dau lote. Akacheka sana. Halafu akasema, "Sasa huyo wa mwisho nitakupa mimi. Twende ukanisaidie macho, nami nikusaidie ndege."

Wa mwisho alikuwa ndege wa asali. Mliozaliwa mjini hamumjui, ngoja niwape dozi. Ni ndege mdogo tu, hana urembo, tena ana tabia mbovu: anataga kwenye viota vya wenzake, na kinda lake likianguliwa linawaua watoto wa mwenye nyumba. Lakini anajua mizinga yote ya nyuki ilipo. Yeye anapenda nta na majana, nyuki wanamshinda. Kwa hiyo anamtafuta binadamu, anampigia kelele, anamtangulia mti kwa mti mpaka kwenye nyuki. Binadamu anachukua asali, yeye anaachiwa masega.

Siyo hadithi za jikoni. Mwaka 2016 mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walipima jambo hili kule Niassa, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Warina wa Kiyao wana mlio wao wa kumwita. Ukiutumia, uwezekano wa ndege kukuongoza unatoka kama asilimia 33 hadi 66. Mwaka 2023 wakaonyesha kwamba Wahadzabe wa Eyasi nao wana mluzi wao, na ndege wa kila mahali anamwitikia zaidi mtu anayeongea lugha ya pale. Nililithibitisha mwenyewe. Nilipiga mluzi wangu wa Kinondoni, kimya. Mjomba akapiga wake, akagonga mti kwa mpini wa shoka mara tatu. Haikupita robo saa, juu ya mtundu ukasikika mlio kama mtu anatikisa kiberiti.

Tukaondoka. Mjomba mbele, kashika fimbo, mimi nyuma yake namwambia "shimo kulia", "kisiki kushoto". Ndege anaruka, anangoja, analia. Tunamfuata. Mimi kila nikiinua kamera, kaondoka.

Kama saa nne hivi nikasikia mlio mwingine pembeni. Nikageuka. Ndege wa asali, dume kabisa, koo jeusi, shavu jeupe, mdomo wa rangi ya waridi, kakaa tawi kavu mita kama nane kutoka kwangu, jua limempiga usoni. Katulia kama anapiga picha ya pasipoti! Nikachuchumaa. Nikapiga picha, nikasogea, nikapiga nyingine. Nikabadilisha mwanga. Nikapiga tena. Arobaini na kitu. Mia tatu, baba! Nikageuka kumwambia mjomba.

Mjomba hayupo.

Nikaita. Kimya. Nikaita tena kwa nguvu, upepo ukachukua. Wasomaji wangu, miyombo ya huku haina alama; kila mti ni pacha wa mwenzake. Simu haina mtandao. Nikakimbia kulia, nikarudi, nikakimbia kushoto. Nikaanza kumwona shangazi akiniuliza, "Umemwacha wapi?" na mimi namjibu nini? Kwamba nilikuwa namalizia dau la mishikaki? Mzee asiyeona nimemwacha peke yake porini kwa ajili ya mishikaki. Saa tano ikapita, saa sita. Saa saba nikakuta nyayo kwenye mchanga, nikafurahi, kumbe ni raba zangu mwenyewe. Nilikaa chini, nikalia kidogo. Naandika tu, wala sioni haya.

Mnamo saa nane nikaona moshi. Nikaufuata. Mjomba kakaa chini ya mninga, kajitengenezea moto wa majani mabichi, miguu kainyoosha.

"Umeshamaliza kupiga picha?"

"Mjomba, nimekutafuta! Nilidhani umepotea."

"Mimi nimefika nilikokuwa naenda. Aliyepotea ni wewe. Huu moshi nimekuwashia wewe, nyuki hawahitaji moshi mwingi namna hii."

Nikamweleza kuhusu ndege niliyempiga. Akatikisa kichwa. Yule anayeng'ang'ania tawi moja na kuimba, akasema, ni dume anatafuta mke, hana habari na asali. Anayeita watu ni mwingine. Akanionyesha kwa kidole, bila kuangalia, juu ya kichwa chake. Kweli alikuwepo, mdogo, kifua cha njano, bado mtoto. Nikashika kamera. Ndipo nikaona mguu wa mjomba. Kuanzia gotini hadi kwenye kifundo, damu imekaukia, kaifunika kwa majani. Alitumbukia kwenye shimo la muhanga. Hakuwa na mtu wa kumwambia "shimo kulia".

Kamera ikarudi kwenye begi. Nikamwosha mguu kwa maji ya kunywa, nikachana fulana yangu, nikamfunga. Hatukusemeshana.

Halafu akanipa shoka. Pango la nyuki lilikuwa chini tu, usawa wa kifua, yeye akinielekeza kwa kupapasa gome. Nyuki wa Tabora hawana utani. Mmoja alinipiga kwenye kope, nikaruka kama nimekanyaga umeme, mjomba akacheka mpaka akashika mbavu. Tulipata ndoo haijajaa. Sega moja jeupe aliliweka juu ya jiwe, yule mtoto akashuka akala mbele yetu.

Wakati wa kurudi jicho langu la kushoto lilikuwa limeshafunga, na la kulia linatoa machozi. Nikamshika mjomba bega. Yeye ndiye alikuwa ananiambia "kisiki kushoto". Tulipokaribia nyumbani nikamwambia kwamba nikifika tu naondoka naye kwenda kwenye hilo jicho lake. Akatembea muda mrefu bila kujibu.

"Msimu wa asali ukiisha," akasema. "Na uje wewe. Usimtume mtu."

Nimeshaomba likizo ya wiki moja Agosti. Mhariri amenuna.

Sasa kasheshe. Juzi kijiweni nimetoa picha ya ndege wa 300, watu wanashangilia, mshikaji akaomba kamera aikague. Kumbe betri ilipoisha kule Ipole na mimi nikaichaji kwa sola ya jirani, saa ya kamera ilijirudisha yenyewe. Picha zote za dume langu zinasoma Januari 2015. Mshikaji kasimama juu ya benchi, anatangaza picha ya maktaba! Nimemwambia aniangalie jicho, hili nalo ni la 2015? Kijiwe kitakaa Jumamosi kuamua, mwenyekiti ni muuza kahawa, na mimi nimeshamtangulizia chupa moja ya asali. Siyo rushwa. Zawadi kutoka kwetu.