Shujaa Hapewi Pointi

Waandishi wenzangu, hebu tukatazane jambo moja. Zile hadithi za kijana mlemavu anayeshinda kila kitu ukurasa wa mwisho, basi tena! Mnazijua. Kipofu anaongoza darasa, asiye na mguu anafunga goli, mwenye kifafa anapona siku ya harusi. Mimi mwenyewe ninazo mbili daftarini na humo humo zitaozea. Nimeapa hivyo baada ya kukaa mbele ya baraza la rufaa hapa London pamoja na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo.

Dogo ana miaka 16. Ana kifafa tangu miaka 7. Hapa mtoto mlemavu hulipwa posho yake, na akifika miaka 16 huambiwa aombe nyingine, ya watu wazima. Fomu nene, kisha mtu wa kukupima. Kuna shughuli 10 za maisha ya kila siku na 2 za kwenda huku na huko. Kila fungu lina hesabu yake: pointi 8 unalipwa kiwango cha kawaida, 12 cha juu. Dogo alipewa sifuri.

Unajua kwa nini? Mpimaji aliuliza, unaweza kupika? Dogo akajibu, naweza. Kuoga mwenyewe? Naweza. Na kweli anaweza, ila akipika mama yake husimama mlangoni, na komeo la bafuni liling'olewa tangu siku tulipomtoa majini midomo imekuwa ya buluu. Hayo hakuyasema. Kijana gani wa miaka 16 atamwambia mgeni kwamba mama yake humlinda akioga?

Na sisi ndio tuliomfundisha. Hapo ndipo ninapogomba. Alipoanza kuanguka, tukiwa bado Tanga, majirani walisema mashetani, mama mdogo akahangaika na makombe na hirizi, mwisho akaapa watu hawatajua tena. Ikawa jikaze, wewe mwanaume. Vitabu tulivyompa navyo vikamwambia mlemavu wa maana ni yule asiyeomba msaada. Basi akawa shujaa, na ushujaa wake ukaandikwa kwenye ripoti kuwa ushahidi dhidi yake.

Tuliomba uamuzi uangaliwe upya. Unapewa mwezi mmoja tu. Jibu likawa lilelile. Wengi huishia hapo, wanakata tamaa, na wanakosea jamani: kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya rufaa za posho hii zilizosikilizwa zimeshinda. Baraza si la idara inayolipa. Kuna jaji, daktari, na mtu anayeujua ulemavu. Mkalimani ni bure ukiomba mapema.

Mimi wa kidato cha nne sikuwa wakili. Kazi yangu ilikuwa kukaa na dogo usiku, wiki tatu, tukiandika siku zake jinsi zilivyo. Nilimwambia sheria haiulizi unaweza tu. Inauliza unaweza kwa usalama, kwa kiwango kinachofaa, kwa kurudia kila inapohitajika, na kwa muda wa kiasi. Mwaka 2017 majaji watatu wa baraza la juu waliamua kwamba katika usalama huangaliwi uwezekano wa kudhurika peke yake, na ukubwa wa madhara pia. Huanguki kila siku, sawa, lakini je ukiangukia mafuta yanayochemka?

Dogo akanuna. "Braza, kwa hiyo unataka niseme mimi si kitu."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo silinalo.

Siku yenyewe jaji alimwuliza yeye, si mama. Mara ya mwisho ulipopika ilikuwaje? Mama mdogo akafungua mdomo, nikamgusa mkono. Dogo akatazama meza muda mrefu, kisha akasema kwa Kiingereza kwamba anapenda kupika, na chapati zake zinashinda za mama. Lakini hajawahi kupika peke yake, kwa sababu wanaogopa ataungua. Na yeye pia anaogopa.

Mama mdogo aliyasikia hayo kwa Kiswahili, kinywani mwa mkalimani. Nyumbani hakuwahi kuyasikia kwa lugha yoyote.

Kupika wakampa 4, kuoga 2, choo 2, dawa 1. Tisa. Kiwango cha kawaida.

Ndani ya basi hakuongea nami. Ameshinda na amekasirika, vyote pamoja, na mimi sijasoma hadithi yetu hata moja yenye kijana wa namna hiyo. Nilimwomba lile daftari la siku zake nilitumie kwenye riwaya yangu. Kaninyima. Anasema kama ni kuandikwa, ataandika mwenyewe.